Mkopo wa chuo umekuja kidogo: maswali tunayoulizwa kila Oktoba

Kuanzia mwezi wa saba watu huja kwenye steshenari yetu hapa Mbeya kujaza fomu za Bodi ya Mikopo wakiwa wachangamfu. Oktoba wanarudi walewale kuprinti walichopangiwa, na wengine hukaa kwenye benchi la nje bila kusema neno. Maswali yaliyo hapa chini ni yao, wazazi na vijana, kutoka Tukuyu, Mbozi, Makete, Mafinga na hapa mjini. Mimi mwenyewe nilisoma Iringa kwa mkopo usiotosha, kwa hiyo baadhi ya majibu nimeyalipia.

## Kuelewa ulichopewa

Jina langu halipo awamu ya kwanza. Ndiyo nimekosa?

Bado. Bodi hupanga mikopo kwa awamu, na wapo wanaotokea ya pili au ya tatu. Ingia kwenye akaunti yako ya SIPA, ile ya mtandaoni uliyoombea mkopo, usome ujumbe ulioandikwa pale. Orodha zinazozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ziache, nyingi ni za mwaka juzi zilizobadilishwa kichwa cha habari.

Kabla ya kulia, angalia mambo mawili. Kama ulichaguliwa vyuo zaidi ya kimoja, je, ulithibitisha kimoja? Usipothibitisha, Bodi haijui fedha yako iende wapi. Na je, kuna kiambatisho kilichokataliwa, au ukurasa wa saini ulioskaniwa ukatoka giza? Kosa la skana linaweza kukukosesha mkopo kabisa, nami nasema hivyo nikiwa mwenye skana.

Nimepewa, lakini sielewi fedha imegawanywaje.

Mkopo una vipande: chakula na malazi, ada, vitabu na viandikia, mahitaji maalumu ya kitivo, mafunzo kwa vitendo, na utafiti kwa wale ambao kozi yao inautaka. Si kila mtu anapata vyote, na si kila kipande kinakuja kamili. Ada huenda chuoni moja kwa moja. Chakula na malazi ndiyo "bumu", inakuja kwako baada ya kusaini kwa alama ya kidole.

Usitazame jumla ya chini peke yake. Vijana wawili wanaweza kuwa na jumla inayofanana, mmoja kajaziwa bumu na ada sifuri, mwingine kinyume chake, na matatizo yao yakawa tofauti kabisa.

Mtoto wa jirani mwenye mashine ya kusaga kapata zaidi yangu. Haki iko wapi?

Hili ndilo swali linalouma kuliko yote, na linaulizwa kwa sauti ya chini. Bodi haijafika kwenu. Haijaona paa wala haijaonja ugali wenu. Inaona karatasi: cheti cha kuzaliwa, cheti cha kifo kama mzazi amefariki, hali ya ulemavu, kama kaya iko TASAF (mpango wa serikali wa kusaidia kaya maskini), shule uliyosoma na kozi unayokwenda kusoma. Kozi ina uzito wake pia, maana zipo za kipaumbele, kama ualimu wa sayansi na hisabati, afya na uhandisi.

Mahali ambapo watu wetu wengi wanaanguka ni kwenye shule. Mwaka mmoja alikuja binti wa Ludewa aliyesoma sekondari ya kulipia, ada yote ikitolewa na mfadhili kupitia parokia. Baba hayupo, mama analima viazi. Kwenye fomu hakuweka barua ya ufadhili, kwa sababu, alisema, "nilidhani wataniona sina shida". Ikawa kinyume: bila ile barua, mama mlima viazi alisomeka kama mtu mwenye uwezo wa kulipa mamilioni kwa miaka minne. Barua ilipatikana baadaye, ikaingia kwenye rufaa.

Kwa hiyo kiwango ulichopewa hakisemi kwamba wewe si maskini. Kinasema karatasi zako zimesomeka hivyo. Kuna siku zimesomeka sawasawa na fedha haikutosha tu, hilo nalo lipo.

Hii fedha ni msaada au deni?

Deni. Bodi ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2004, ikaanza kazi Julai 2005, na tangu hapo inakopesha na kudai. Ukiajiriwa, mwajiri anakata 15% ya mshahara wa msingi kila mwezi. Mshahara wa msingi ukiwa 800,000, linaondoka 120,000 kabla hujashika kitu. Ile tozo ya 6% ya kulinda thamani ya fedha, iliyokuwa inafanya deni livimbe kila mwaka, iliondolewa mwaka 2021. Usikatae mkopo kwa hofu ya hadithi za kaka zako waliokopa enzi zile.

## Kupiga hesabu kabla ya kuchukua hatua

Nianzie wapi? Nimechanganyikiwa.

Anza na daftari. Andika gharama za mwaka mzima, si za kuripoti peke yake, kisha toa ulichopewa. Kinachobaki ndilo pengo lako. Nimeona familia imeuza ng'ombe ndani ya wiki moja kwa pengo ambalo hawakuwahi kulipigia hesabu.

Tuchukue mfano. Ada 1,200,000, Bodi imetoa 700,000: pengo 500,000. Ongeza bima ya afya ya mwanafunzi 50,400 na ada ya TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) ya kudhibiti ubora 20,000. Weka kitambulisho, mchango wa serikali ya wanafunzi na usajili. Kiasi chake kipo kwenye barua ya kujiunga ya chuo chako, kurasa za nyuma ambazo watu hawazisomi. Weka nauli ya kwenda na kurudi mara mbili, godoro, na blanketi zito kama unatoka Kyela unakwenda Iringa. Weka kodi ya chumba, maana wenye nyumba wengi hawataki ya mwezi mmoja mmoja.

Sasa gawa kwa mihula. Pengo lililoonekana kama mlima wa 700,000 huenda likawa 400,000 ya kuanzia na nyingine baadaye. Ndiyo namba ya kuipeleka kwenye kikao cha ukoo.

Lazima nilipe ada yote siku ya kuripoti?

Vyuo vingi hupokea ada kwa awamu, angalau kwa muhula. Masharti yako kwenye barua ya kujiunga. Kinachobana ni mitihani ya mwisho wa muhula: asiyefikisha kiwango cha malipo anaweza kuzuiwa kuingia. Ukiona hutafika, nenda kwa mshauri wa wanafunzi wiki za mwanzo ukiwa na barua inayotaja tarehe na kiasi. Ukienda siku mbili kabla ya mtihani, utakuta wenzako arobaini mlangoni.

Bima nimeshakatiwa nyumbani. Nilipe tena?

Nenda na kadi uwaonyeshe wakati wa usajili. Kadi hai inayokuhusu wewe kama mtegemezi wa mzazi ni hoja nzuri.

## Rufaa

Rufaa inasaidia kweli, au ni kujisumbua?

Inasaidia aliye na kitu kipya cha kuonyesha. Dirisha hutangazwa kwenye tovuti ya Bodi baada ya awamu kupangwa na hukaa wazi siku chache tu, kwa hiyo karatasi zitafutwe kabla halijafunguliwa. Rufaa ya kusema "sisi ni maskini sana, naomba mnihurumie" nimeiandikia watu wengi walionisisitiza, na siikumbuki hata moja iliyozaa kitu.

Kitu kipya ni kama hivi: cheti cha kifo ambacho hakikuwekwa mwanzo, fomu ya ulemavu iliyothibitishwa na mganga mkuu wa wilaya au mkoa, namba ya kaya ya TASAF, barua ya aliyekufadhili sekondari.

Baba alifariki lakini tuna kibali cha mazishi tu. Kinatosha?

Hakitoshi, na hapa ndipo siku zinapoliwa. Mama mmoja kutoka Makete alifika na mfuko wa rambo, ndani yake kadi ya kliniki ya marehemu, kibali cha mazishi, picha ya msiba na barua ya mtendaji wa kijiji. Vyote vya kweli, na hakuna hata kimoja ambacho mfumo ungekipokea. Kinachotakiwa ni cheti cha kifo kutoka RITA, wakala wa serikali anayesajili vizazi na vifo, kisha kihakikiwe. Maombi hupokelewa kwa msajili wa wilaya, kwenye ofisi ya mkuu wa wilaya, na uhakiki wa cheti unafanyika mtandaoni kwa kulipia kidogo.

Kibali cha mazishi usikitupe. Ndicho kitakachokusaidia kupata cheti. Na kama mtoto wako yuko kidato cha tano, mama, anza leo.

Majina yangu yanatofautiana: cheti cha kuzaliwa kina jina la babu, cha kidato cha nne hakina.

Huku kwetu hili ni la kila siku. Mtoto aliandikishwa zahanati kwa jina la ukoo, shule ya msingi mwalimu akaandika alivyosikia. Nenda kwa wakili upate hati ya kiapo cha majina, uiambatishe na vyeti vyote viwili. Usibadilishe jina kwenye fomu ili "lifanane", utatengeneza tatizo la tatu.

Kuna mtu anasema ana ndugu ndani, nimpe laki mbili rufaa ipite.

Mdogo wangu, ondoka hapo. Huyo ametuma ujumbe huohuo kwa vijana mia. Watakaopata wenyewe kwa haki yao atasema ni yeye, waliokosa atawablock. Mchezo wake hauna hasara. Na kama amekuomba nywila ya akaunti yako ya SIPA, ibadilishe sasa hivi kabla hujamaliza kusoma hapa.

Pia usinunue barua ya TASAF wala "cheti cha yatima". Kughushi ni kosa la jinai.

Niende Dar es Salaam kwenye ofisi za Bodi?

Hapana. Bodi ina ofisi ya kanda hapa Mbeya, na kila chuo kina dawati la mikopo. Anza na dawati la chuo chako, ndio watakaokuwa na wewe miaka yote. Nauli ya Dar ni chakula cha wiki kadhaa.

## Kuziba pengo nyumbani

Tuuze shamba la miti?

Hapa nitakaa kidogo, maana kwa watu wa Mufindi, Njombe na Makete hili ndilo swali lenyewe.

Msonobari unataka miaka kumi na minane au zaidi kutoa gogo la mbao nzuri. Wa miaka saba au minane unauzika, ndiyo, kwa mbao nyembamba za bei ya chini. Na mnunuzi akisikia mtoto amekwenda chuo anajua mna haraka. Atakuja na fedha taslimu mfukoni, atatembea shambani dakika kumi, atataja bei ya shamba zima bila kuhesabu shina hata moja. Msikubali bei ya kuangalia kwa macho. Hesabuni mashina wenyewe, na ulizeni bei kwa shina kwa wanunuzi watatu tofauti.

Kama lazima kuuza, uzeni sehemu, na mwandikiane kwamba mnauza miti, ardhi inabaki. Nimechapa mikataba mingi ya namna hii; ile iliyosema "nimeuza shamba langu la miti" ilirudi baadaye ikiwa kesi ya baraza la kata. Afadhali kukodisha ekari mbili za mahindi kwa msimu mmoja kuliko kuuza miti michanga: mwakani ardhi inarudi, na Bodi unaweza kuiomba tena (tazama swali la mwaka wa pili hapo chini).

Mahindi tuuze sasa au tusubiri?

Vyuo vinafunguliwa karibu na msimu wa kupanda, mbolea nayo inadai. Bei ya mahindi kwa kawaida huwa chini baada ya mavuno na hupanda kuelekea Januari na Februari. Kama ada inalipika kwa awamu, uzeni gunia za kutosha muhula wa kwanza tu, nyingine zikae zikiwa na dawa ya dumuzi. Hela ya mbolea msiiguse. Mwaka wa kwanza ukilipwa kwa mbolea, wa pili utalipwa kwa nini?

Mama yuko kwenye VICOBA, kikundi cha kuweka na kukopa. Akope huko?

Kwa kiasi kidogo na muda mfupi, sawa, hasa kama kuna mavuno ya parachichi au kakao yanayokuja. Aeleze kikundi ukweli kwamba ni ada, asiseme ni mtaji. Mikopo ya mtandaoni ya simu, ile inayotuma ujumbe kwa namba zote za kwenye simu yako ukichelewa, hiyo hapana kabisa.

Ile asilimia 10 ya halmashauri je?

Ile sehemu ya mapato ya halmashauri inayotengwa kukopesha ni ya vikundi vya biashara: 4% wanawake, 4% vijana, 2% watu wenye ulemavu. Haikopeshwi mtu mmoja kwa ajili ya ada. Lakini mzazi mwenye kikundi chenye mradi hai anaweza kukuza mradi, na faida ni yake kuipanga.

Niandike barua kwa nani mwingine?

Kanisa au msikiti wenu, kampuni au kiwanda kilicho jirani na kijiji, mbunge, ukoo. Barua iwe ya ukurasa mmoja, itaje pengo kwa tarakimu, iambatane na barua ya udahili na ukurasa wa mgao wa mkopo. Omba kitu kinachotimilika: "bima na usajili" kinapata watu haraka kuliko "nisomesheni". Na waombe walipe kwa namba ya malipo ya chuo moja kwa moja. Wachangiaji hufungua mkono wakiona fedha haipitii kwako.

## Kuishi na kidogo

Nimepewa bumu kamili, ada sifuri. Naweza kulipa ada kwa bumu?

Wengi ndivyo wanavyofanya, nami nilifanya. Tangu mwaka wa masomo 2022/23 kiwango cha juu ni 10,000 kwa siku, kwa hiyo bumu la siku 60 ni 600,000, yaani 300,000 kwa mwezi. Chumba cha 40,000, chakula cha kupika mwenyewe 120,000, mkaa au gesi, sabuni na vocha 40,000: inabaki laki moja ya kupeleka kwenye ada. Inawezekana kwa anayepika. Kwa anayekula chipsi mayai getoni kila usiku, haiwezekani.

Siku bumu linapoingia, lipa ada siku hiyohiyo. Usilale nalo.

Pale Kihesa, Iringa, tulikuwa wanne, sufuria moja. Kila aliyetoka nyumbani alileta kitu: debe la mahindi, maharage, gunia la viazi ambalo konda aliliweka chini ya siti kwa kubembelezwa. Mwenzetu wa Mbarali akileta mchele, tulikuwa tunaufunga kwenye begi na kufuli, utadhani fedha. Kilichotushinda hakikuwa njaa, ilikuwa wiki mbili za mwisho kabla bumu halijaingia, na bumu huchelewa. Weka akiba ya wiki mbili, hata ikiwa ya unga na dagaa peke yake.

Nifanye kazi gani nikiwa chuoni?

Ile isiyogongana na vipindi. Tuisheni ya kidato cha pili na cha nne inalipa na haikuchoshi. Wakala wa fedha za simu kwa zamu, kuchapa kazi za wenzako, kusuka, kuuza mitumba ya kuchagua soko la Mwanjelwa hapa Mbeya na kuipeleka hosteli. Bajaji ya usiku sikushauri: nimeona walioingiza hela nzuri muhula wa kwanza wakaanza wa pili na masomo ya kurudia.

## Hali zisizo za kawaida

Nilikosa mwaka wa kwanza. Naweza kuomba mwaka wa pili?

Ndiyo. Wanafunzi wanaoendelea ambao hawakuwa na mkopo huomba dirisha likifunguliwa. Ufaulu unahitajika, kwa hiyo usiruhusu mawazo ya ada yakule masomo. Omba upya kana kwamba hujawahi kuomba: karatasi zote, saini zote.

Mzazi amefariki baada ya mimi kutuma maombi.

Pole sana. Ni moja ya sababu nzito za rufaa. Fuata utaratibu wa cheti ulioelezwa kwenye swali la kibali cha mazishi, na uwaarifu dawati la mikopo mapema hata kabla cheti hakijatoka.

Niahirishe mwaka nifanye kazi kwanza?

Kuahirisha kwa barua na kibali cha chuo ni tofauti na kutoripoti. Anayeahirisha ana nafasi yake. Asiyetokea anaanza upya udahili. Ulizia dawati la mikopo mgao wako utakuwaje kabla ya kusaini chochote. Maoni yangu: pengo likiwa chini ya nusu ya ada, ripoti. Likiwa ada yote na bumu lote, na nyumbani hakuna kitu, mwaka mmoja wa kazi si aibu.

Nihamie chuo cha bei nafuu?

Uhamisho una dirisha lake na masharti ya sifa za kozi, na mkopo unapaswa kuhamishwa nao, jambo linaloweza kuchelewesha bumu. Piga hesabu ya jumla, si ya ada tu. Kijana wa Iyunga, hapa Mbeya, anayesoma MUST (Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya) akitokea kwao analipa chumba sifuri. Akienda mkoa mwingine kufuata ada pungufu kwa laki mbili, kodi ya chumba itazimeza.

Nimechaguliwa diploma. Bodi inanihusu?

Tangu mwaka wa masomo 2023/24 Bodi hukopesha pia baadhi ya kozi za stashahada, zikiwemo za afya, ualimu wa sayansi na hisabati, kilimo na mifugo, madini, nishati, usafirishaji. Baadhi, si zote. Angalia mwongozo wa mwaka husika kabla ya kulipia maombi.

Nilisikia Samia Skolashipu haidaiwi. Niombe?

Ilianza 2022/23 kwa waliofaulu juu kabisa masomo ya sayansi kidato cha sita na kudahiliwa kwenye sayansi, uhandisi, hisabati au tiba. Si mkopo. Majina ya wenye sifa hutangazwa. Kama lako halimo, hakuna fomu ya kukuingiza humo.

Mzazi hataki kusikia habari ya rufaa, anasema ni kujidhalilisha.

Nakutana na wazee hawa. Mmoja wa Rungwe alisimama mlangoni hapa, kofia mkononi, akaniambia hajawahi kuomba mtu kitu. Sikumbishia. Nilimwonyesha mstari wa ada kwenye karatasi, 15% ya mshahara, na kwamba kijana wake atalipa kila senti. Akauliza, "Kwa hiyo ni yeye anayekopa, si mimi?" Nikamwambia ndiyo, mzee, wewe unatia saini tu. Akavaa miwani.